Jinsi ya kupiga picha ufa wa kioo ukiwa bado unakimbia

Ufa ukishaanza kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, hauchukui muda kufikia kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, na hapo ndipo unapokomea. Ukiusukuma kwa nguvu zaidi hauongezi mbio, unachipua matawi. Kasi hiyo ni milimita 1.5 kwa kila mikrosekunde moja, kwa hiyo kipande chenye urefu wa milimita 150 hupasuka chote ndani ya mikrosekunde 100. Simu inayopiga picha 960 kwa sekunde hutoa picha moja kila baada ya mikrosekunde 1,040 hivi: picha hii kioo ni kizima, picha inayofuata ni vipande. Hakuna cha katikati.

Zipo kamera zinazopiga picha milioni kwa sekunde, ila bei yake si ya karakana wala ya maabara ya chuo yenye bajeti ndogo. Wataalamu wa Ujerumani, Carl Cranz na Hubert Schardin, waliikwepa shida hiyo mwaka 1929 kwa kuiacha kamera itulie na kuupa mwanga kazi yote: cheche fupi za umeme ziliwaka moja baada ya nyingine, kila moja na lenzi yake. Schardin aliutumia mtindo huo kupima kasi ya nyufa katika vioo vya aina mbalimbali. Mwongozo huu unafuata wazo lilelile kwa taa za LED: chumba giza, shata wazi, taa inayowaka kwa nusu mikrosekunde. Kuipata taa fupi si kazi kubwa. Kazi ni kuiwasha kwa wakati.

Taa iwe fupi kiasi gani

Zidisha kasi ya ufa kwa muda wa mwanga, utapata urefu ambao ncha ya ufa itaburuzika pichani. Flashi ya kamera iliyopunguzwa hadi sekunde 1/20,000 huwaka mikrosekunde 50, na ufa husogea milimita 75 ndani ya muda huo. Haifai kabisa, hata kama inatosha kugandisha tone la maji. Mwanga wa mikrosekunde 0.5 huburuza ncha kwa milimita 0.75, na kwa kipimo cha kasi hiyo inavumilika. Leza za nanosekunde 10 huleta mburuzo wa milimita 0.015, lakini mwanga wake huleta madoadoa ya chengachenga pichani na macho yanahitaji kinga maalumu. Kwa anayeanza, LED ndiyo njia ya busara.

Tumia LED ya rangi moja tu (kijani ya nanomita 525 ni nzuri), si nyeupe. LED nyeupe ina unga wa njano unaoendelea kung'aa kidogo baada ya umeme kukatika.

Saketi yenyewe ni fupi: kapasita ya filamu ya mikrofaradi 2.2 iliyochajiwa hadi volti 60, transista ya aina ya mosfeti yenye kiendesha-geti chake (chipu inayoiwasha na kuizima upesi), kipingamizi cha omu 2, kisha LED. Mkondo utakaribia amperi 25. LED ya wati 3 huvumilia mkondo huo kwa nusu mikrosekunde, ilimradi mapigo yawe machache na yaachane mbali. Mosfeti ikigoma kufunga, LED inaweza kuungua papo hapo. Angalia urefu wa nyaya. Sentimita 10 za waya zina induktansi (tabia ya waya kuchelewesha mkondo kupanda) ya takribani nanohenri 100, na ukigawanya kwa omu 2 unapata nanosekunde 50 za kupanda kwa mkondo. Ukizirefusha hadi sentimita 30 ni nanosekunde 150, yaani karibu theluthi ya pigo lako imepotea kabla taa haijawaka sawasawa. Kwa hiyo kapasita, mosfeti na LED vikae kwenye ubao mmoja, vimegusana karibu. Waya mrefu uwe ule wa ishara, si wa nguvu.

Hakikisha muda kwa fotodayodi ndogo ya aina ya PIN yenye mzigo wa omu 50 kwenye osiloskopu, chombo kinachochora volti kadiri muda unavyokwenda. Usiamini namba uliyoiandika kwenye programu.

Kioo, mkato na kabari

Kudondosha gololi juu ya kioo kilicholazwa ndilo jambo la kwanza kila mtu analofikiria, na kwa picha ni usumbufu mtupu. Gololi inaziba mahali hasa unapotaka kuona, na wakati wa kupasuka hautabiriki: gololi ya chuma ya milimita 20 inayotua kwa mita 4.4 kwa sekunde hukaa imegusana na kioo kinene kwa karibu mikrosekunde 70, na ufa unaweza kuanza wakati wowote katikati ya hapo, kutegemea mikwaruzo iliyopo. Ni afadhali kukisimamisha kioo wima, kukipiga ukingoni, na kuuchagulia ufa mahali pa kuanzia. Taasisi ya utafiti ya Ernst-Mach huko Freiburg, Ujerumani, imefanya kazi nyingi kwa mtindo huo wa kupiga ukingo, kwa risasi badala ya nyundo, kwa sababu mwanga unapita usoni mwa kioo na safari yote ya ufa inaonekana.

Mwambie fundi vioo akukatie vipande vya milimita 100 kwa 150, unene milimita 10, vyote kutoka shiti moja. Kiwe kioo cha kawaida. Kioo kilichokazwa kwa joto, kama cha madirisha ya pembeni ya gari, hakikatiki: ukikigusa na diski kinasambaratika chote. Ukiwa na shaka, kiweke kati ya polaraiza mbili (filta zinazopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu) zilizopishana nyuzi 90. Kioo cha kawaida hubaki cheusi, kilichokazwa huonyesha mabaka ya mwanga.

Katikati ya ukingo mfupi wa juu, kata mkato wa kina cha milimita 10 na upana wa milimita 2 kwa diski ya almasi, maji yakitiririka muda wote. Sugua kingo zote kwa msasa wa maji namba 220, kisha 400, kisha 600. Usiliruke hili. Vidonda vidogo vilivyoachwa na kikata kioo ndivyo vinavyozaa ufa wa pili pembeni na kukuharibia kipande. Sakafu ya mkato nayo inaamua mengi: ukiiacha butu, kioo hujikusanyia nguvu nyingi kabla ya kuachia, ufa unatoka kwa kasi yake ya juu na kutawanya matawi. Ukiichora kidogo kwa ncha ya almasi, ufa unaanza mapema na kwenda taratibu zaidi. Amua mapema unataka kipi, halafu vipande vyote vifanane.

Kabari iwe ya chuma kigumu, pembe ya nyuzi 30. Kipande cha kisu cha mashine ya tono (ya kukereza chuma) kikinolewa kinafaa. Ikikaa kwenye mkato, ncha yake isiguse chini, ibaki nafasi ya milimita 3 au zaidi, ili isukume kuta mbili badala ya kutoboa sakafu. Kila upande wa kabari weka karatasi ya shaba ya milimita 0.1. Bila hiyo, chuma kinasaga midomo ya mkato, na vumbi la kioo linatangulia ufa.

Nyundo ni uzito wa nusu kilo unaoshuka ndani ya bomba la plastiki. Anza na kimo cha milimita 300, ambacho hutoa kasi ya mita 2.4 kwa sekunde na nishati ya jouli 1.5 hivi, kisha panda polepole. Kioo kisimame juu ya mpira wa milimita 3 na pembeni kisibanwe. Ufa ukikengeuka kushoto au kulia mara kwa mara, kabla ya kulaumu kioo angalia kama kabari imekaa wima na kama shaba zote mbili zimegusa.

Vaa miwani ya kinga iliyofunika pembeni, na sanduku zima lizungushiwe polikaboneti ya milimita 6. Wakati wa kukata na kusugua, maji ndiyo kinga ya mapafu, usisugue kikavu.

Njia ya mwanga

Unahitaji lenzi moja kubwa, upana milimita 150 na fokasi milimita 500. Lenzi ya mbele ya darubini ni bora zaidi kwa sababu haitawanyi rangi. LED ikae milimita 1,000 nyuma ya lenzi, kamera milimita 1,000 mbele yake, na kioo karibu na lenzi. Kwa umbali huo (mara mbili ya fokasi kila upande) taswira ya LED inaangukia ndani ya lenzi ya kamera, na sehemu yote ya kioo iliyo mbele ya lenzi inaonekana imejaa mwanga.

Kujua kama umepanga sawa, washa LED kwa mkondo mdogo na weka karatasi nyeupe mbele ya lenzi ya kamera: lazima uone doa dogo kali, ukubwa sawa na LED. Sogeza kamera hadi doa liwe katikati. Upande mmoja wa picha ukiwa mweusi, doa linakatwa na ukingo wa lenzi. Hapa kufunga tundu la lenzi hakupunguzi mwanga kama kawaida. Hakufanyi lolote mpaka linapoanza kukata doa, halafu picha inazimika ghafla. Kwa hiyo acha f/5.6 au f/8, rekebisha mwangaza kwa ISO, ukianzia 1600.

Miale haiko sambamba kabisa. Kwenye kingo za lenzi inapita kwa nyuzi 4 hivi, na ndani ya kioo nyuzi 3 kasoro, kwa hiyo ncha ya ufa iliyo mbali na katikati inaonekana imetanuka kama nusu milimita kupitia unene wa milimita 10. Vipimo vya kasi vichukue karibu na mhimili.

Usifokasi hasa kwenye kioo. Fokasi milimita 20 hadi 30 mbele yake, upande wa kamera. Kwenye ncha ya ufa mkazo wa kuvutwa hukifanya kioo kiwe chembamba kidogo na kubadilisha jinsi kinavyopinda mwanga, miale inasukumwa nje, na panatokea doa jeusi lenye ukingo mkali wa mwanga. Ukifokasi juu ya kioo chenyewe doa hilo linapotea. Peter Manogg ndiye aliyelifanya liwe kipimo mwaka 1964: kipenyo cha doa kikipandishwa kipeo cha 2.5 kinaenda sambamba na ukali wa mkazo wa ncha. Doa likikua maradufu, ukali umeongezeka mara 5.7. LED yenye upana wa milimita 1 hutia ukungu wa milimita 0.03 tu kwa umbali huo, ila LED ya milimita 5 itakufifishia ukingo.

Kushtua taa kwa wakati

Kichocheo kinachoona nyundo ikipita hakifai. Nyundo huchukua mamilisekunde kadhaa kufika, na kosa la asilimia moja ni makumi ya mikrosekunde, yaani ufa umeshamaliza safari au haujaanza. Mwache ufa wenyewe uwashe taa. Milimita 5 chini ya mkato, chora mstari wa rangi ya fedha inayopitisha umeme, upana milimita 1, ukikatiza njia ya ufa. Uunge kwa volti 5 kupitia kipingamizi cha omu 470. Ufa ukikata mstari, volti inaruka, na hapo ndipo sifuri ya saa yako.

Chora mwembamba na uache ukauke kabisa. Rangi nene au mbichi huvutika na kuendelea kupitisha umeme hadi ufa ufunguke vya kutosha, nawe unapata picha zinazochelewa kwa viwango tofauti kila kioo. Nyaya za mstari zishikwe na gundi kwenye kioo, si kuning'inia. Mtikisiko wa nyundo ukizing'oa, taa inawaka ufa ukiwa bado.

Kutoka kwenye kichocheo hadi taa pawe na ucheleweshaji unaoweza kuuseti. Bodi ndogo za kidhibiti kama Arduino, zikiandikiwa programu kwa njia ya kawaida, huyumba kwa mikrosekunde kadhaa kwa sababu huachia kazi nyingine katikati, na kila mikrosekunde ni milimita 1.5 ya ufa. Tumia kipima-muda cha ndani cha chipu kinachoanzishwa moja kwa moja na ishara, au chipu ya monostabo, inayotoa pigo moja kwa kila ishara. Weka pia kufuli ya sekunde moja baada ya pigo. Vipande vinapoanguka, nyaya hugusana tena na taa huwaka mara ya pili juu ya picha yako.

Sasa zima taa za chumba, fungua shata, dondosha nyundo, funga shata. Ukiweka ucheleweshaji wa mikrosekunde 20, ncha iwe karibu milimita 30 chini ya mstari. Kioo kinachofuata weka 30, kinachofuata 40, hadi upate mfululizo.

Picha tatu kutoka kioo kimoja

Mfululizo wa vioo tofauti una ubishi ndani yake, maana hakuna vioo viwili vinavyopasuka sawasawa. Tumia LED ya rangi tatu ambayo vichipu vyake vimepakana, na uwashe nyekundu, kisha kijani, kisha bluu, kila moja mikrosekunde 10 baada ya mwenzake. Kamera ya rangi inazihifadhi zote kwenye fremu moja.

Kuisoma kunataka uangalifu, kwa sababu ufa ni kivuli. Sehemu iliyokwisha kupasuka wakati wa nyekundu inazuia rangi zote tatu, hivyo inatokea nyeusi. Sehemu iliyopasuka kati ya nyekundu na kijani imepitisha nyekundu peke yake, hivyo ni nyekundu. Ile ya mwisho imepitisha nyekundu na kijani, inakuwa ya njano. Mipaka ya rangi ndiyo mahali ncha ilipokuwa. Kijani huvujia kwenye pikseli za bluu. Piga picha moja ya kila rangi peke yake bila ufa, pima uvujaji, uutoe kwenye programu ya picha.

Weka rula ya chuma kwenye bapa la kioo na uipige picha kabla ya kila zoezi. Umbali wa milimita 15 uliosomwa kwa kosa la 0.3, na muda wa mikrosekunde 10 wenye kosa la 0.2, vinakupa kasi yenye kosa la asilimia 3 hivi. Ukipata zaidi ya mita 2,000 kwa sekunde kwenye kioo cha dirisha, kosa liko kwenye saa au kwenye rula. Kioo cha silika tupu ndicho kinachofika huko.

Kuona mikazo yenyewe

David Brewster alionyesha miaka zaidi ya 200 iliyopita kwamba kioo kikibanwa hupitisha mwanga kwa kasi mbili tofauti, na polaraiza huzigeuza kuwa milia. Kwa kioo cha dirisha kizidishi cha athari hiyo ni kama 2.7 × 10⁻¹² kwa paskali. Kwenye unene wa milimita 10, tofauti ya mikazo ya megapaskali 20 inakupa nanomita 540, yaani mlia mmoja wa mwanga wa kijani. Kwenye kioo cha milimita 4 unahitaji megapaskali 50 kwa mlia huohuo, na ndiyo maana vioo vyembamba havionyeshi kitu ila kijivu.

Polaraiza za mstari, kama zile za kubandua kwenye televisheni mbovu, hutoa pia misalaba meusi inayofuata mwelekeo wa mkazo na kuficha milia. Zile za mviringo hazina shida hiyo. Miwani ya sinema za 3D ya aina ya RealD inazo mbili za mikono tofauti: weka jicho la kushoto mbele ya LED na la kulia mbele ya kamera, nyuso zake za nje zikitazama kioo, na uwanja utakuwa mweusi. Ukitumia filta mbili za CPL za kamera (nazo ni polaraiza za mviringo), pande zake zenye nyuzi za kukazia zikitazama kioo, uwanja unabaki mweupe hata ukizungusha vipi. Filta si mbovu, zote mbili ni za mkono mmoja. Vipande vidogo vinatosha kwa sababu kwenye ncha zote mbili miale imekusanyika, na viko mbali na mabaki yanayoruka.

Ila kila kilichopo kati ya polaraiza sasa kinaonekana. Polikaboneti ya kinga imejaa mikazo yake na itapaka picha upinde wa mvua. Mahali miale inapopita badilisha kwa kioo cha kawaida cha milimita 4 na ukihesabu kama cha kutupwa. Selotepu uliyobandika kushikilia vipande ina kasoro hiyohiyo.

Mawimbi ya mgandamizo hukimbia milimita 5.7 kwa mikrosekunde, kwa hiyo na taa ya mikrosekunde 0.5 mbele ya wimbi itaburuzika karibu milimita 3. Usitafute ukingo mkali hapo. Kilicho wazi zaidi ni vitanzi vya milia kwenye ncha ya ufa, na jinsi vinavyoyumba wimbi lililogonga ukingo wa chini linaporudi, takribani mikrosekunde 52 baada ya pigo.

Usivitupe vipande

Uso wa ufa una kumbukumbu ambayo picha haina. Osha kwa spiriti na uangalie kwa lenzi ya kukuza, tochi ikipiga kwa pembe ya chini kabisa. Karibu na chanzo ni laini kama kioo cha kujitazamia, mbele yake panakuwa na ukungu, kisha mikwaruzo ya miale. Pima nusu kipenyo cha eneo laini: mkazo wakati wa kupasuka ni takribani 1.9 gawanya kwa kipeuo cha pili cha nusu kipenyo hicho kwa mita, jibu likiwa megapaskali. Milimita 1 ni megapaskali 60. Kanuni hiyo inashika pale ufa ulipoanza kwa mvuto sawia. Chini ya kabari ichukue kama makadirio.

Mawimbi mepesi yaliyojikunja kwenye eneo laini ni mistari ya Wallner, iliyoelezwa mwaka 1939: ncha ya ufa ilikutana na wimbi la sauti na kukengeuka kidogo. Ukitaka ijipange yenyewe, fanya alivyofanya Frank Kerkhof, bandika kristali ya pieso (inayotetemeka ikipewa umeme) pembeni mwa kioo na uitetemeshe kwa megahezi 1 wakati wa pigo. Mistari itakaa umbali wa milimita 1.5 ufa ukiwa kwenye kasi yake ya juu, na itabanana zaidi kila mahali ulipopunguza mwendo. Ukipata umbali usiolingana na rangi za picha yako, amini mistari, kisha rudi kwenye osiloskopu.